Bawa Nililolihamishia Juu

Marehemu mume wangu alikuwa seremala wa misheni kule Karema, na vyote alivyoacha navijua, kwa sababu nilivipanga mwenyewe kwenye sanduku la bati tulipomaliza matanga. Kwa hiyo siku nilipotoa suti yake ya kanisani kuianika, nikaona boksi la ndege ya plastiki lililokuwa chini yake, jambo la kwanza nililofikiri ni kwamba kuna mtu amelifungua. Lilikuwa na kamba, lakini fundo halikuwa lake. Fundo lake lilikuwa linafunguka ukivuta upande mmoja. Hili lilikuwa la mtu aliyefunga huku anasikiliza mlango.

Nyumbani kwetu Ilembo tulikuwa wawili tu: mimi na mkwe wangu, mke wa kitinda mimba wangu. Mwanangu ni dereva wa lori, anakuja anapokuja. Mkwe ni fundi cherehani, anashonea barazani. Basi sikuhitaji kuhesabu sana ili kujua nani alifungua. Nilichokuwa sijui ni alikuwa anatafuta nini. Nilifikiri anatafuta karatasi za kiwanja.

Majina ya watu wote wa habari hii ninayo. Nakumbuka hata jina la punda wa misheni na jina la mtu aliyemwuza. Siyaandiki. Mama yangu kule Mpimbwe alinikanya kwamba jina la mtu aliye hai halifai kulazwa ndani ya maneno ya ugomvi, na mimi bado naishi na hawa watu.

Lile boksi mume wangu alipewa na padri mmoja mzee aliyerudi kwao kutibiwa macho. Juu yake pamechorwa ndege ya vita, yenye feni moja mbele na bawa chini ya tumbo, inatema moto. Ndani mna vipande vya plastiki vimeshikana kwenye fremu kama dagaa kwenye vijiti, kila kimoja na namba yake, na karatasi ya michoro. Padri alikuwa amegundisha vipande viwili akachoka. Mume wangu aliiweka miaka yote hiyo akisema ataijenga akistaafu. Alistaafu, akajenga vitanda, stuli na majeneza. Ndege hakuijenga.

Na alikuwa ameniahidi. Wakati namzaa huyu kitinda mimba nilishikwa uchungu siku mbili, mtoto akatanguliza mkono. Ziwa lilikuwa limechafuka, boti haiendi. Sista akaita kwa redio, ikaja ndege ndogo, ikatua kwenye majani. Walikuwa wameondoa viti wakaweka godoro. Mume wangu hakupata nafasi, akabaki chini ameshika viatu vyangu. Mimi niliona ndani, yeye aliona nje tu, na katika maisha yetu yote alikuwa akiniuliza: mlango ulifunguka upande gani? Uliona nini dirishani? Nikamwambia niliona tumbo la bawa, na vyuma viwili vimelishikilia, kwa sababu ndege ile bawa lake lilikuwa juu. Akichukua boksi lile alikuwa anasema, "Hili bawa liko chini. Siku moja nitaligeuza, nikutie ndani wewe na mtoto."

Mimi sikuwa na nia kubwa. Nilitaka kuona kama inawezekana.

Nilisoma mpaka darasa la pili, na darasa la pili namba zipo. Nikafunga pazia, nikakaa kitandani na ubao wa kukatia mboga magotini. Kwa nini pazia? Kwa sababu bibi wa umri wangu akionekana anacheza na ndege ya kitoto, kesho wanasema akili imehama, kesho kutwa mwanangu anapigiwa simu, na wiki inayofuata kiwanja kina mnunuzi. Niliwaza hivyo. Nilikuwa nasikia cherehani barazani, na kila iliponyamaza nami nilinyamaza.

Plastiki iliyokaa miaka inavunjika kama biskuti. Nilijifunza kukata kwa wembe polepole, si kuchuma kama mboga. Mahali palipokatwa nilisugua kwa ubavu wa kiberiti. Gundi ya padri ilikuwa imekauka ndani ya mrija wake, ngumu kama jiwe, nikaenda mjini kwa mwenye duka la vifaa, Mwislamu mmoja mstaarabu anayenifahamu toka zamani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Nipe gundi ile kali."

"Ya nini, bibi yangu? Siku hizi nauliza, vijana wanaivuta hii."

"Ya kiatu."

Akainama juu ya kaunta akatazama miguu yangu. Nilikuwa nimevaa kandambili.

"Kiatu kiko nyumbani," nikasema.

"Haya. Kikipona unisalimie."

Uongo wa kwanza huo. Wa pili niliusema jioni ileile, mkwe aliposimama mlangoni akinusa. "Mama, chumba chako kinanuka dawa."

"Nimewapulizia kunguni."

"Kunguni? Mbona kwangu hawapo?"

"Watakuja."

Akasema nifungue dirisha nipate hewa. Alisema kwa upole, na upole wake ndio ulionitia mashaka. Nilisema moyoni, huyu anataka kuona ndani. Sikufungua.

Kuligeuza bawa ndiko kulikonichosha. Tumbo la ndege limechongwa kulipokea kwa chini, ukilitoa unabaki na shimo kama jino lililong'olewa. Nilifanya alivyofanya marehemu mbao ilipopasuka: yeye alichanganya vumbi la msumeno na gundi, mimi nikachanganya vumbi la plastiki na gundi, nikaziba, nikaacha siku mbili, nikasugua. Bunduki za kwenye bawa nilizikata zote. Bawa nikaliweka juu, nikalishikilia kwa vijiti vya mwavuli mbovu, viwili kila upande. Liliinama kushoto. Nikalibandua nikaanza tena. Madirisha niliyatoboa kwa sindano ya magunia iliyopashwa moto, vioo nikakata chupa ya maji. Miguu ya magurudumu, ambayo kwenye mchoro inakunjwa, nikaisimamisha kwa spoku ya baiskeli. Mlango niliuchonga upande wa kushoto, kwa sababu ulikuwa kushoto.

Ndani ya boksi kulikuwa na rubani, kijitu kidogo kimekaa, mikono magotini, hakina uso. Kikakaa mbele. Nyuma yake nikaweka godoro la kipande cha sponji. Na kwenye godoro akahitajika mtu, maana bila yeye ndege ile ilikuwa na safari gani? Nikachukua nta ya mshumaa, nikafinyanga mwanamke amelala chali, tumbo kubwa, mwenyewe mnene kama kidole changu cha mwisho. Hakuwa na nguo. Nikaokota barazani kitambaa kati ya vile vinavyoanguka chini ya cherehani, chekundu chenye maua ya njano, nikamfunga.

Sasa nilivyo mjinga ndiyo hapo. Mkwe wangu alikuwa na mimba ya miezi mitano. Mbili zilikuwa zimetoka kabla ya hii. Na kitambaa kile kilikuwa cha kitenge alichojishonea gauni la kliniki. Mimi nilimwangalia yule mwanamke wa nta nikajiona mimi. Mtu mwingine yeyote angemwona nani?

Macho yangu yalikuwa mekundu kwa gundi. Watu wa huku wanajua maana yake. Wako kina mama wazee waliofukuzwa kwao, na wako waliofanyiwa zaidi ya kufukuzwa, kwa sababu ya macho yaliyopikia kuni miaka hamsini. Na kwamba wachawi wana ndege zao hakuna anayebisha, hata wanaokwenda kanisani kila Jumapili. Wanabishana tu kama ni ungo au ni chungu. Hayo yote nilikuwa nayajua, nami nikakaa nyuma ya pazia najenga ndege. Nilikuwa nawachungulia wengine, sikujichungulia mwenyewe.

Jumamosi moja nilirudi kutoka jumuiya nikakuta yule mwanamke hayupo. Ndege ipo, rubani yupo, godoro lipo. Nikapekua mpaka chini ya kitanda. Barazani cherehani ilikuwa imefunikwa, na hajawahi kuifunika mchana. Nikajua kachukua nani. Nikajua pia amekwenda wapi, kwa sababu jirani yangu, mama mmoja Msukuma tunayechota maji bomba moja, alikuja haraka akasimama nje ya mlango, hakuingia.

"Mama, unaitwa kwa balozi."

"Kwa lipi?"

"Wewe njoo. Na hicho unachojenga uje nacho."

"Nani kasema najenga?"

"Mama wee, mtaa mzima unasikia unavyosugua."

Nikachukua ndege, nikachukua na boksi, nikiamini boksi litaniokoa. Kwa balozi wetu wa nyumba kumi nilikuta watu saba barazani. Niliwekewa kiti peke yangu, na nilipokaa mke wa balozi akavuta kikapu chake karibu na miguu yake. Mkwe wangu alikuwa ameketi kwenye mkeka, ameshika kikombe kilichofunikwa kwa kisosi. Hakunitazama.

"Bibi," balozi akasema, "hapa hatuna kesi. Tuna swali."

"Swali lenye watu saba ni kesi, mwanangu."

Huyu balozi nilimbeba mgongoni mama yake alipokuwa anauguza. Akakohoa. "Umenunua gundi, ukasema ya kiatu. Kiatu gani?"

"Nilidanganya."

"Ukamwambia mwenzako una kunguni."

"Nilidanganya."

Watu wakatazamana. Nadhani walikuwa wamejiandaa nibishe.

Akaichukua ndege kwa ncha za vidole, akaigeuza, akatazama picha ya boksi, akarudia ndege. Akafanya hivyo mara tatu. "Hapa kwenye picha bawa liko chini. Lako liko juu. Hapa hakuna madirisha, wewe umetoboa. Miguu umebadilisha." Akaiweka kwenye stuli. "Bibi, mtu anayejenga kama picha inavyosema hana neno. Anayegeuza ana lake."

"Ninalo," nikasema. Nikawaeleza: Karema, mkono wa mtoto, redio, godoro, viatu vyangu mkononi mwa mume wangu. Nilieleza mpaka upande wa mlango. Nilipomaliza, mzee mmoja akauliza, "Na huyo mume anayejua habari hii yuko wapi?"

"Unajua aliko. Ulibeba jeneza."

Jirani yangu Msukuma akanyanyuka. "Ngoja niishike." Akaiweka ndege kwenye kiganja, akaipandisha na kuishusha kama anapima maharage. "Nyepesi. Hii haibebi hata kifaranga."

"Za kwao hazihitaji uzito," akasema yule mzee.

"Wewe umejuaje za kwao?" jirani akamgeukia, na watu wakacheka, mzee hakucheka.

Ndipo mkwe wangu akafunua kikombe. Alimwaga yule mwanamke juu ya gazeti, hakumgusa. Kicheko kikaisha.

"Mimi boksi hili nililifungua zamani," akasema. "Baada ya matanga ya baba. Nilikuwa natafuta cheti cha ndoa yetu, mume wangu alisema kiko kwenye sanduku la mama. Nilikuta vipande tu. Huyu hakuwemo. Huyu amevaa nguo yangu. Mama, kama ni wewe mwenyewe, kwa nini amevaa nguo yangu?"

Cheti cha ndoa. Na mimi nilikuwa nimeshauza kiwanja kichwani. Nikamwambia kitambaa nilikiokota, sikukitazama. Nikasikia mwenyewe jinsi neno hilo lilivyo dogo.

Balozi akampigia mwanangu, akaweka sauti kubwa. Alikuwa njiani, injini inanguruma. Akaulizwa alizaliwaje. "Kwa ndege," akasema. "Baba hakuchoka kuisimulia. Alikuwa anataka kumjengea mama. Kwani vipi?" Alipoambiwa, kwanza akacheka. Halafu akaacha kucheka. "Mke wangu yuko hapo? Wewe umempeleka mama yangu kwa balozi?"

Mkwe akainamisha kichwa. Sijui kwa nini nilijibu mimi. Labda kwa sababu najua mwanangu akikasirika anakaa wiki tatu bila kupiga simu. "Hakunileta," nikasema. "Nimekuja na miguu yangu kuonyesha kazi yangu. Endesha gari."

Mkwe alinitazama kwa mara ya kwanza siku ile. Haukuwa mtazamo wa shukrani. Alikuwa ameona jinsi ninavyodanganya bila kupepesa.

"Basi habari ya ndege imeeleweka," balozi akasema. "Lakini huyu wa nta ana utata. Achomwe hapa hapa, mbele ya wote, tumalize." Mke wake akaingia kuleta kiberiti.

"Msimchome!"

Mkwe wangu alikuwa amesimama, mikono imekumbatia tumbo. "Mkimyeyusha yeye, na mimi je? Msimchome, nawaomba!"

Balozi alipokea kiberiti kwa mkewe akakitia mfukoni. Hata yule mzee mbishi alisogeza kiti nyuma. Kumchoma haiwezekani, kumwacha kwangu haiwezekani, kumtupa jalalani ndiyo kabisa, mbwa watamchukua. Tukakaa tunakitazama kile kidole cha nta kama nyoka aliyelala. Mimi niliyemfinyanga nilianza kumwogopa.

Jirani ndiye aliyekata shauri. "Mwenye tumbo akae naye. Na ndege yake. Mpaka ajifungue."

Ikawa hivyo. Na kila mmoja pale barazani alielewa upande wa pili wa hukumu hiyo, ingawa hakuna aliyeutamka: mimba ikitoka, mimi siwezi kulala Ilembo tena. Tulipoondoka, hakuna kati yetu aliyetaka kutangulia. Tulitembea sambamba mpaka nyumbani, yeye na ndege, mimi na boksi.

Miezi minne hiyo ilikuwa mirefu. Ndege iliwekwa juu ya kabati lake. Nilimsindikiza kliniki kila tarehe, akadhani naenda kuchunguza, na kweli nilikuwa naenda kuchunguza. Nilikuwa nauliza uzito, nauliza damu, nasoma namba kwenye kadi yake. Akivimba miguu, mimi nakosa usingizi kwa ajili yake na kwa ajili yangu, na siwezi kusema ni kwa ajili ya nani zaidi.

Siku moja mchana alikuja akasimama mlangoni kwangu bila kusema. Nikamwuliza, "Hachezi?" Akatikisa kichwa. Toka asubuhi. Nikamlaza ubavu wa kushoto, nikampa maji baridi ya sukari, nikakaa chini. Muda ulipita. Halafu nikaona gauni linaruka pembeni, mara moja, mara ya pili. Akapumua. Kisha akageuza uso.

"Ulijuaje kwamba hachezi?"

"Nimezaa sita."

"Sikusema chochote, mama."

"Uso wako ulisema."

Nikaona ananiwekea na hilo akibani.

Feni ya mbele ilikuwa bado haijabandikwa. Ilinikera, kazi kuachwa bila kichwa. Nikaomba ruhusa. Aliniruhusu kuingia chumbani kwake, yeye amesimama mlangoni, cherehani imenyamaza. Nilisugua kitundu, nikatia tone moja la gundi kwa ncha ya sindano, nikashika feni nikihesabu mpaka mia. Nilijua anautazama mkono wangu usisogee nyuma, kwa yule mwanamke kwenye godoro. Nilihesabu kwa sauti, ili ajue nilipo. Nilipofika mia nikaachia. Ilikuwa imekaa wima. Bawa bado lilikuwa limeinama kidogo kushoto, na kwa mtu asiyejua ni kama ndege inakata kona.

"Ilikuwa inainama hivyo?" akauliza.

"Siku ile? Ndiyo, tulipolizunguka ziwa."

Sikukumbuka kama iliinama. Nilisema tu.

Uchungu ulimshika asubuhi. Tulikwenda hospitali kwa bajaji, jirani upande mmoja, mimi upande mwingine, na kila shimo la barabara nililisikia tumboni mwangu. Nilikaa kwenye benchi nje. Nilifikiri nikisikia kilio cha mtu mzima nisirudi nyumbani, nipande basi kwenda Mpimbwe kwa mdogo wangu. Nilikuwa nimebeba nguo mbili kwenye mfuko, chini ya nepi za mtoto. Muuguzi alipotoka alisema mtoto wa kike, kilo tatu na kitu, mama mzima. Jirani akapiga vigelegele mpaka akaambiwa anyamaze. Mimi nilishika mfuko wangu tu.

Nyumbani, mkwe alimwogesha mtoto mwenyewe. Kwa mila yetu ningemwogesha mimi, lakini sikudai. Niliteka maji, nikapasha moto, nikaweka mlangoni, nikaondoka.

Siku ya sita kitovu kilianguka. Kwetu kitovu anakifukia bibi mzaa baba, peke yake, na mahali anapajua yeye. Mwenye kitovu cha mtu amemshika mtu. Niliona uzi wa kitovu umetoka nilipoleta maji, sikuuliza. Nilirudi kuchambua mchele. Nilifikiri atampa jirani akifukie.

Akaja uani, mtoto mgongoni, ngumi moja imefungwa.

"Mama, tukafukie."

"Tukafukie, au nikafukie?"

"Tukafukie."

Tukaenda nyuma ya nyumba penye migomba. Nilichimba kwa jembe dogo, yeye amesimama. Shimo lilipofika kiwikoni alipiga magoti, akafungua ngumi, akakiweka mwenyewe, ndani ya pamba. Mimi nikatia udongo konzi moja. Yeye akatia konzi moja. Mimi tena, yeye tena, mpaka pakajaa, na muda wote huo hakuna aliyetazama shimo. Tulikuwa tunatazamana mikono.

Tuliposimama nilimfungulia viganja vyangu, vyote viwili, bila kuombwa. Akavitazama vizuri, mbele na nyuma. Halafu naye akanifungulia vyake.